Haisomi

Mara ya kwanza kulisikia neno hilo likitumika hivyo nilikuwa nimesimama mbele ya katoni kumi na mbili za hamira. Kijana wa kompyuta alikuwa amekalia kiti changu, kwenye meza yangu, anatazama kioo.

"Shikamoo mama. Samahani, hamira haisomi."

"Marahaba. Mbona mimi naisoma? Hiyo hapo." Nikaipiga katoni ya juu kwa kiganja.

Akacheka kidogo, kwa adabu. "Stoo ipo mama, ila kwenye mfumo haisomi."

Na kwa kuwa haikusoma, oda ya hamira nyingine ilikuwa imeshatoka ofisini tangu asubuhi.

Hiyo ilikuwa 2009, katika kiwanda cha mikate nilichokifanyia kazi Dar es Salaam tangu 1981, kwanza karani wa stoo, baadaye msimamizi wake. Jina lake silitaji. Waliokula mikate yake wanakijua. Sasa nimestaafu, na swali lililonikaa tangu siku ya hamira nimepata muda wa kulitafutia jibu kwenye vitabu: nani hasa alifikiria kwanza kwamba mashine inaweza kujua kilichomo stoo kuliko mtu aliyeshika ufunguo? Nilidhani nitawakuta watu wa benki, au jeshi, au Wamarekani wa kwenda mwezini. Nikawakuta waoka mikate.

Lakini nianze na kwetu, kwa sababu asiyejua leja hawezi kujua mfumo ulikuja kuponya nini.

Mfuko mmoja wa unga uliandikwa na watu wanne pale kiwandani. Mimi niliuandika kwenye leja ulipopokelewa, na kwenye kadi ya stoo iliyoning'inia mbele ya rundo lake, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi isije ikatembea. Msimamizi wa zamu aliuandika kwenye daftari lake ulipoingia kwenye mashine ya kukandia. Ulipokwisha kuwa mikate, karani wa mauzo aliwaandikia madereva wa magari ya mikate idadi waliyobeba. Ghorofani, mhasibu aliuandika kwa shilingi, kutokana na ankara ya Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo miaka ile ndilo lililokuwa na unga. Kila mwisho wa mwezi tulikaa mezani watu wanne wenye vitabu vinne, na kila kitabu kilikuwa na jibu lake.

Kuna mwezi mmoja, 1987, ilipungua mifuko thelathini na moja. Unga enzi zile ulikuwa bado kitu cha kutafutwa; mifuko thelathini na moja ilimtosha mtu kulala rumande. Karani mwenzangu alisimamishwa kazi wiki tatu. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi saba, nakumbuka kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nampelekea mkate. Halafu siku moja msimamizi wa zamu ya usiku akapeleka koti lake la kaki kwa dobi, na dobi akatoa mfukoni kijitita cha vikaratasi vilivyoshikizwa kwa pini. Unga ulichukuliwa usiku, stoo ikiwa haina mtu, kwa ufunguo wa akiba. Kila mara aliandika kikaratasi akikusudia kunipa asubuhi nitengeneze vocha, na kila asubuhi alikuwa amechoka akaenda kulala. Wizi haukuwepo. Unga ule ulishaokwa, ukauzwa, ukaliwa na Wana-Dar es Salaam zamani. Mauzo waliuona, mhasibu aliziona hela zake, leja yangu peke yake ndiyo iliyokuwa gizani.

Wenye programu hizi huziita ERP, herufi tatu za Kiingereza zinazohusu kupanga rasilimali zote za biashara. Kwetu hakuna anayezitamka. Sote tunasema mfumo. Na ukiuondolea mbwembwe za wauzaji, mfumo unafanya kazi moja: tukio likitokea linaandikwa mara moja, na mtu aliyekuwepo lilipotokea, kisha wote linaowahusu wanalisoma pale pale. Mfuko ukitoka stoo, stoo inapungua, zamu inaongezeka, mhasibu anaona shilingi zimehama kutoka mali kwenda gharama, na mnunuzi anaona kama umefika wakati wa kuagiza. Koti la kaki halina nafasi humo.

Waoka mikate wenyewe, basi, ni kampuni ya J. Lyons ya London. Ilianzishwa miaka ya 1880, ikafungua mgahawa wake wa kwanza wa chai mtaa wa Piccadilly mwaka 1894, na kabla ya vita vya pili ilikuwa na migahawa ya chai kila pembe ya mji ule, yenye wahudumu wa kike wenye aproni nyeupe ambao Waingereza waliwapa jina la Nippy. Makao makuu, pamoja na viwanda vya mikate na keki, yalikuwa Cadby Hall, Hammersmith. Biashara yao ilikuwa kama ya mama ntilie, ila kwa ukubwa wa kutisha: chai, andazi, kipande cha keki, faida isiyofika hata peni nzima kwa mteja. Mwenye biashara ya namna hiyo huliwa na makaratasi. Kila andazi lina risiti, kila risiti ina karani, na karani anataka mshahara.

Mkuu wa utawala wao alikuwa John Simmons, aliyesomea hesabu Cambridge, ambaye kwa miaka mingi aliitazama kazi ya makarani kama wenzake walivyoitazama mitambo ya kuokea. Mwaka 1947 vijana wake wawili, Raymond Thompson na Oliver Standingford, walipelekwa Marekani kutazama mbinu mpya za ofisi. Kwenye ofisi hawakuona la maana. Ila walifika Princeton, wakazungumza na Herman Goldstine kuhusu zile mashine za kielektroniki zilizokuwa zikipiga hesabu za kijeshi na za kisayansi, naye akawaambia kwamba kwao Uingereza, Cambridge, kuna Maurice Wilkes anajenga moja. Wakarudi. Lyons wakampa Wilkes pauni 3,000 aimalizie yake, na ilipofanya kazi Mei 1949 wakaanza kujenga ya kwao, wakimtumia mhandisi waliyemwajiri kwa tangazo, John Pinkerton. Wakaiita LEO, maana yake Ofisi ya Kielektroniki ya Lyons. Ilikuwa na valvu zipatazo 6,000, na kumbukumbu yake ilikuwa mabomba yaliyojaa zebaki, mawimbi ya sauti yakipita humo huku na huku ili takwimu isisahaulike.

Na kazi ya kwanza ya kila wiki waliyoipa, mwishoni mwa Novemba 1951? Kuthamini mikate, keki na pai zilizotoka kiwandani. Nilipofika ukurasa huo nilikiweka kitabu magotini nikacheka peke yangu. Kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi ya biashara ilianza na hesabu niliyokuwa nikiifanya mimi kwa kalamu ya wino miaka thelathini baadaye, Barabara ya Pugu.

Mishahara ilifuata. Karani mzoefu alichukua kama dakika nane kukokotoa malipo ya mfanyakazi mmoja, pamoja na kodi yake. LEO ilichukua sekunde moja na nusu. Vitabu vingi hukazia hapo, kwa kuwa sekunde zinapendeza kuandikwa. Mimi kilichonivutia ni kazi iliyoanza 1954, ya kupeleka vyakula kwenye migahawa.

Kabla ya hapo kila msimamizi wa mgahawa alikuwa anajaza fomu ya oda kila siku, kitu kimoja kimoja, na huko makao makuu makarani wakizinakili, wakizijumlisha, wakizigawa. David Caminer, aliyekuwa akichambua kazi kabla ya kuziingiza kwenye mashine, hakuichukua fomu hiyo na kuipa kompyuta ilivyo. Aliuliza kwanza kwa nini ipo. Jumatatu za mgahawa mmoja zinafanana. Mtu wa nini kuandika upya kila wiki kitu ambacho hakijabadilika? Basi kila mgahawa ukawekewa oda yake ya kudumu kwa kila siku ya wiki, ikakaa ndani ya mashine. Mchana msimamizi akipigiwa simu, alitaja mabadiliko tu: punguza maandazi, ongeza pai. Upande wa pili binti mwenye visikizio masikioni alitoboa kadi papo hapo anaposikia. Kadi zikaingia LEO, na usiku huo huo zikatoka orodha za kupakia, hesabu ya kinachotakiwa kuokwa, gharama ya kila mgahawa, na taarifa fupi kwa wakubwa ya wapi mambo yametoka nje ya kawaida. Simu moja, matokeo manne. Jina ERP lilikuwa bado halijazaliwa kwa miaka mingine thelathini na sita, lakini mtu wa stoo akiisoma habari hiyo anaitambua sura.

Huyo binti wa visikizio na huyo msimamizi wa mgahawa sikuyakuta majina yao popote. Ya Pinkerton na Caminer yapo, na la Mary Coombs, mwanamke wa mwanzo kabisa katika kazi ya kuandika programu za biashara, nashukuru lipo. Lakini aliyejua kwamba leo mvua inanyesha na watu hawatatoka kula ni yule mwenye kaunta.

Kuna mkondo wa ukoo huu uliofika hadi kwetu. Lyons waliunda kampuni ya kuuza LEO mwaka 1954. Ikaunganishwa na English Electric mwaka 1963. Mwaka 1968 nayo ikaingia ndani ya ICL, pamoja na kampuni nyingine ya Uingereza iliyoitwa ICT. Na kompyuta ya kwanza Tanzania, iliyofungwa Hazina mwaka 1965, ilikuwa ICT 1500. Tukawa, kwa namna fulani, shemeji na wale waoka mikate.

Undugu haukuwa mtamu. Hesabu za serikali zilivurugika ndani ya mashine, gharama zikapanda, wataalamu wakawa wa kigeni, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Vijana nikiwaambia hawaamini, wanadhani ni utani wa wazee. Mimi nilipoajiriwa, katazo hilo lilikuwa na miaka saba, na hakuna aliyelilalamikia pale kiwandani kwa sababu hakuna aliyejua anachokosa. Tulikuwa na mashine za kujumlishia za kuzungusha kwa mkono, zenye ukanda wa karatasi. Nasikia watu wakilicheka katazo lile kama ujinga wa zama za Azimio la Arusha. Sicheki. Hazina walifanya kosa ambalo nimeliona likifanywa na matajiri zaidi yao: walidhani vitabu visivyoelewana vikiingizwa kwenye mashine vitaelewana. Miaka baadaye Hazina hiyo hiyo ilirudi kwenye mifumo, ikatumia Epicor kwa muda mrefu, kisha ikajitengenezea wa kwake, MUSE, na safari hii malipo yanapita humo.

Wakati sisi tukizungusha mashine zetu, Marekani walikuwa wamefikiria jambo jingine, na hili nalieleza taratibu kwa kuwa ndilo lililonishinda kulielewa vijana wa mfumo walipokuja. Joseph Orlicky alikuwa kwenye kiwanda cha matrekta cha J. I. Case, jimbo la Wisconsin, mwanzoni mwa miaka ya sitini. Baadaye alihamia IBM, na mwaka 1975 alichapisha kitabu cha fani yake. Alisema kuna mahitaji ya aina mbili. Kuna ya kukisia, na kuna ya kukokotoa. Watu watanunua mikate mingapi Jumamosi? Hapo unakisia, Ramadhani au si Ramadhani, tarehe za mishahara au katikati ya mwezi. Lakini ukishaamua kuoka mikate 2,800, unga haukisiwi tena. Kwa kipimo chetu mfuko wa kilo 50 ulitoa mikate 140 ya nusu kilo. Basi ni mifuko ishirini, na hamira yake, na chumvi yake, na sukari, na mafuta, na karatasi za kufungia. Toa vilivyopo stoo, toa vilivyoagizwa vikiwa njiani, kinachobaki ndicho cha kununua, na kama hamira huchukua siku kumi kufika, oda yake itoke siku kumi kabla.

Mtu atasema hilo hata mpishi wa harusi analijua. Ni kweli. Mpishi wa pilau haulizi mchele kwa kutazama gunia limebaki nusu. Anauliza wageni wangapi. Ila viwandani, na mimi nikiwemo, tulikuwa tunafanya kinyume. Kadi yangu ilikuwa na mstari mwekundu: hamira ikifika katoni tano, agiza. Haikujali kama wiki ijayo ni Idi au ni wiki ya mashine kufanyiwa matengenezo. Trekta lina maelfu ya vipuri, na kabla ya kompyuta hakuna karani aliyeweza kufumua kila trekta kuwa vipuri vyake kila wiki. Mashine iliweza. Black & Decker, watengenezaji wa vifaa vya umeme vya mikono, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuutumia utaratibu huo, mwaka 1964.

Kipande kilichobaki, cha fedha, kiliunganishwa na Wajerumani. Mwaka 1972 wahandisi watano waliacha kazi IBM wakaanzisha SAP: Hasso Plattner, Dietmar Hopp, Klaus Tschira, Hans-Werner Hector na Claus Wellenreuther. Mteja wao wa kwanza alikuwa tawi la Ujerumani la kampuni ya kemikali ya ICI, kwenye kiwanda cha nailoni kule Östringen, na kwa kuwa hawakuwa na kompyuta yao, walifanya kazi kwenye ya mteja, mara nyingi usiku na mwisho wa wiki. Walitaka mhasibu asisubiri kadi zikusanywe zipelekwe mara moja usiku, aingize, aone. Programu yao iitwayo R/2 ilifuata, kisha R/3 mwaka 1992. Neno ERP lenyewe lilitungwa na washauri wa Gartner mwaka 1990, kuwapa jina watoto ambao walikwisha kuota meno.

Kwetu mfumo uliletwa na mkurugenzi mpya ambaye kila akiuliza mkate mmoja unatugharimu shilingi ngapi alijibiwa "karibu". Hakuwa mkali, aliuliza tena kesho yake.

Miezi mitano ilikwenda kabla hatujabonyeza kitu. Ilibidi kwanza kila kitu kipewe jina moja. Tuligundua kwamba stoo waliita "mafuta ya ndoo" kitu ambacho ununuzi waliita "shoteningi" na mhasibu aliita "malighafi nyingine". Ilibidi mwokaji mkuu, mzee aliyepima chumvi kwa kiganja miaka ishirini na sita, apimiwe kiganja chake kwenye mizani. Alinuna siku mbili. Kisha ikaonekana kiganja chake hakikosei zaidi ya gramu kumi, naye akawa anawaonyesha wageni.

Sitasema uongo, faida tuliziona. Kufunga hesabu za mwezi, kazi iliyotuweka hadi tarehe 15 tukigombana, ikawa ya siku tatu. Unga mbaya ulipoingia mara moja tuliweza kusema umeingia siku gani, umeokwa zamu ipi, umepanda gari lipi, na magari manne yakarudishwa kabla ya mchana. Zamani tungekusanya mikate ya wiki nzima au tungekaa kimya. Na mkurugenzi alijua bei ya mkate wake. Ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, na mikate ya maziwa aliyojivunia ilikuwa inamla mtaji kila siku.

Na hamira? Haikusoma kwa sababu niliipokea saa kumi na moja jioni, nikaiandika kwenye kadi, nikasema kesho nitaiingiza. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa koti la kaki mpya.

Ndiyo maana habari ya Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Pennsylvania, niliisoma mara mbili. Mwaka 1999 walifunga mifumo mitatu kwa mpigo, wa SAP ukiwa mmojawapo, kwa dola milioni 112, na kazi iliyopangiwa miezi 48 waliibana iwe 30. Waliwasha Julai, oda za sikukuu ya Halloween zikiwa zinaanza kumiminika. Peremende za dola milioni 100 zilishindwa kuwafikia wenye maduka. Zilikuwepo. Sehemu ya tatizo, walivyokuja kueleza, ni kwamba katika misimu ya kazi nyingi wafanyakazi walizoea kuweka mali ya ziada kwenye vyumba na pembe ambazo hazikuwa stoo rasmi. Vichwani mwao walizijua, lakini hakuna aliyeziandikisha kwenye mfumo. Chokoleti ipo, haisomi. Laiti wangemleta mtu wa stoo mezani siku ya kwanza angewaambia kwamba kila stoo duniani ina kona ambayo haipo kwenye ramani. Yangu ilikuwa nyuma ya tangi la maji.

Mhasibu wetu aliagiza kadi zote za stoo zichomwe, kwa hoja kwamba vitabu viwili ndivyo vilivyotuponza. Hoja yake ilikuwa sahihi. Nilichoma za vipuri na za karatasi. Za unga, hamira, chumvi na sukari nilizihamishia droo ya chini, nikaendelea kuzijaza jioni, nikijiambia ni mazoea ya mkono tu.

Mwaka 2011 ukaja mgao wa umeme. Jenereta ilitosha tanuri na mashine za kukandia. Kompyuta za ofisini zililala kwa muda wa saa kumi na mbili kwa siku, siku nyingine zaidi. Siku ya tatu mhasibu alishuka mwenyewe stoo, akafunga mlango nyuma yake, akauliza kwa sauti ya chini kama nina hata kumbukumbu ya kichwani ya unga uliobaki. Nikavuta droo. Alizitazama zile kadi, akanitazama mimi, akavuta kiti. Mifuko mia moja na sita. Akachukua kalamu yangu, uzi wake ukiwa bado umening'inia, akaanza kunakili.